Gwaride la Wasio na Miguu: Chapa ya Otto Dix, "Vilema wa Vita"

Swali linalomkabili kila aitazamaye chapa ya Otto Dix ya mwaka 1920, "Vilema wa Vita", ni moja: anayechekwa humu ni nani? Wanaume wanne wanapita katika barabara ya mji wa Kijerumani, wakifuatana mithili ya askari gwarideni. Wangali na sare na nishani zao. Kuna atembeaye kwa miguu ya mti, kuna asukumwaye katika kiti cha magurudumu, na mmoja anatetemeka mwili mzima kwa kiwewe cha mizinga, hata msanii akalazimika kuurudiarudia mstari wa umbo lake. Nyuma yao ni duka la fundi viatu, na buti limechorwa ukutani kuwavutia wateja.

Kwa mtazamo wa haraka hiyo ni dhihaka, tena ya kikatili. Lakini Dix hakuwa mtazamaji wa mbali. Alijiunga na jeshi mwaka 1914, akawa mpiga bombomu katika medani za Ufaransa, na aliporudi Dresden kusoma sanaa mwaka 1919 watu wa namna hii walikuwa wamejaa mitaani. Kejeli yake yafaa itafutwe mahali pengine: katika lile buti, na katika jina la pili la picha ya rangi aliyoichora mwaka huo huo juu ya maudhui haya, lisemalo kwamba watu hawa wanaweza kazi kwa asilimia 45. Hiyo ni lugha ya karani wa pensheni. Mji umekwisha kuwapigia hesabu, na biashara yaendelea kama kawaida.

Umbo la chapa yenyewe linaafiki maudhui hayo. Dix hakutumia tindikali, bali alilikwaruza bamba kwa sindano. Sindano ipitapo huinua kingo kali za madini kandokando ya mfuo. Kingo hizo hunasa wino, na mstari hutoka na ukungu kama kovu lisilopona sawasawa. Husagika upesi katika mtambo, ndiyo maana nakala nzuri za chapa za aina hii huwa chache.

Ernst Ludwig Kirchner, alipochora barabara za Berlin miaka ya 1913 hadi 1915, aliirefusha na kuichongoa miili ya wapita njia ili adhihirishe wasiwasi wa mji. Ndiyo iliyokuwa desturi ya Waekspreshonisti. Dix alirithi mkono huo, ila hakuhitaji kuupinda mwili wa binadamu. Alikuta umekwisha kupindwa. Kasoro yake ni kwamba wanne hawa ni vielelezo mno: hakuna hata mmoja ambaye mtazamaji angemtambua akikutana naye njiani. Katika mfululizo wake wa chapa 50 juu ya vita, uliotoka mwaka 1924, kasoro hiyo inapungua sana.

Ile picha ya rangi ilionyeshwa Berlin mwaka 1920 katika maonyesho ya Wadada, kisha ikanunuliwa na jumba la makumbusho la Dresden. Wanazi waliitwaa, wakaitundika Munich mwaka 1937 katika maonyesho ya "sanaa potovu" kama tusi kwa mashujaa. Inaaminika kuwa iliangamizwa. Chapa ilinusurika kwa kuwa nakala zake zilikuwa zimetawanyika.

Vita hivyo hivyo vilipiganwa Afrika Mashariki pia. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kariakoo walikufa, wengi wao kwa maradhi, na waliorudi vilema hawakuchorwa na mtu. Kumbukumbu iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928 ni sanamu za wanaume watatu wa shaba nyeusi. Wamesimama wima, na viungo vyao vyote vimetimia.