Sanamu na Maneno katika Vitabu vya Watoto

Wasomi wengi wa fasihi hukihesabu kitabu cha watoto wadogo chenye sanamu kuwa chombo cha mwalimu, wala si kazi ya sanaa. Hukisifu kwa rangi zake, hukipima kwa wepesi wa maneno yake, kisha hukirudisha kabatini. Kwa nionavyo mimi hukumu hiyo si ya haki, na hasara yake huwaangukia watoto ambao lugha ya darasani si lugha ya nyumbani; nao ni wengi katika vijiji vya Mbeya na Iringa.

Na tutwae mfano mdogo. Mtoto wa Tukuyu aingiapo darasa la awali, aghalabu amekuja na Kinyakyusa kizima kinywani. Aonyeshwa sanamu ya kuku, na chini yake neno "kuku". Akisema "inguku", ameisoma sanamu sawasawa, lakini herufi hakuzisoma. Naye huambiwa amekosa. Hapo ndipo wapinzani wa sanamu hupata hoja yao, kwamba humfanya mtoto mvivu, akabahatisha badala ya kusoma. Wasema kweli, walakini juu ya aina moja tu ya kitabu, yaani kile ambacho sanamu yake hukariri sentensi. Msichana ateka maji; na juu yake, msichana ateka maji. Aliyekwisha kuona hana haja ya kusoma, na aliyekwisha kusoma hana haja ya kuona. (Kitabu cha alfabeti nakitenga, maana kazi yake ni kuifunga herufi na kitu, vijitabu vya lugha za Mbeya na Iringa vyenye shabaha hiyo vina heshima yao.)

Hadithi ni jambo jingine. Fanani wa kijijini hasemi yote kwa maneno: uso wake humcheka mjinga, na mkono wake huonyesha urefu wa mkia wa mnyama ambaye ulimi haujamtaja bado. Hadithi ikichapwa, uso na mkono hupotea. Sanamu, katika kitabu kilicho bora, ndiyo irudishayo hasara hiyo.

John Kilaka, mtunzi na mchoraji aliyezaliwa mwaka 1966 katika pande za kusini-magharibi ya Tanzania, yaonekana ameling'amua jambo hili kuliko wenzake wengi. Yeye mwenyewe ni msimulizi, na hadithi huzitafuta vinywani mwa watu kabla ya kuzichora. Wanyama wake husimama kwa miguu miwili na kuvaa nguo za rangi kali, kama watu wa soko la Mwanjelwa. Katika Gute Freunde, kitabu cha mwaka 2004, Panya na Tembo ni marafiki; ukame ukikaribia, Panya akusanya chakula, Tembo ajitolea kukihifadhi nyumbani kwake, kisha amnyima mwenzake. Ukubwa wa mmoja mbele ya udogo wa mwingine hauhitaji kuandikwa. Mtoto asiyelijua bado neno "dhuluma" huiona dhuluma, akaijadili kwa Kihehe au Kinyakyusa, na neno la Kiswahili likija hulikuta jambo limekwisha kukaa moyoni. Kadhalika Panya ndiye ajuaye kuwasha moto, na wengine huja kuuomba kwake. Alipohama, moto nao ukakosekana. Mtoto wa Mufindi au Makete, aijuaye baridi ya mwezi wa Juni, hahitaji kuelezwa ukubwa wa msiba ule.

Lakini kitabu hiki, kama kile cha samaki kilichokitangulia mwaka 2001, kilichapishwa kwanza Uswisi, kwa Kijerumani. Simlaumu mtunzi, mchapaji wa kugharimia rangi nyingi kwa wasomaji wenye fedha kidogo si rahisi kumpata. Hofu yangu ni juu ya maneno. Hadithi iliyotoka vinywani mwetu ikirudi kwa njia ya tafsiri, mfasiri huvutwa kueleza kila kitu: ataandika kwamba Tembo ni mkubwa, kwamba Panya ana huzuni, na mwisho kwamba uchoyo ni mbaya. Mfasiri huyo asifanye kazi pasipo kuzitazama sanamu; na kila sentensi ambayo mtoto aweza kuisema mwenyewe kwa kuitazama sanamu, aifute.