Mikono Iliyosimamisha Kasri

Picha ya kasri lile jeupe imetufikia zamani. Iko kwenye kalenda za madukani, kwenye kuta za vinyozi, kwenye majalada ya madaftari ya watoto: minara mirefu, miti iliyofunikwa na theluji, milima nyuma yake. Wengi huidhani ni mchoro wa ngano tu, kumbe ni nyumba ya kweli. Inaitwa Neuschwanstein, iko kusini kabisa mwa Ujerumani, na jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 5 Septemba 1869. Aliyelitaka kasri hili ni Ludwig wa Pili, mfalme wa Bavaria. Michoro yake ya kwanza ilifanywa na Christian Jank, mchoraji wa mandhari za jukwaani, ndiyo maana mpaka leo linaonekana kama pazia litafunguka na mchezo uanze.

Nililifikia msimu wa baridi, nikiwa mgeni wa ndugu zetu wanaoishi Munich. Wenzangu walikuwa wakiitazama minara. Mimi nilikulia Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya ziwa Tanganyika, na mtu wa Uvira akifika penye mlima mkali, korongo la maji ya kasi na ziwa chini, macho yake hushuka moja kwa moja kwenye msingi. Kasri limekaa juu ya mwamba, mto Pöllat unanguruma kando yake, ziwa Alpsee liko bondeni. Nani alithubutu kupanga jiwe juu ya jiwe mahali kama hapa?

Walithubutu waashi. Kwanza waliupasua mwamba kwa baruti na kuushusha mita 8 hivi wapate uwanja. Katika miaka miwili tu, 1879 na 1880, walipandishiwa tani 465 za marumaru kutoka Salzburg, tani 1,550 za mawe ya mchanga, na matofali 400,000. Naam, matofali. Weupe ule unaopendwa na wapiga picha ni mawe ya chokaa yaliyovikwa juu; kinachobeba mzigo ndani ni tofali la kuchoma, kama linalojenga nyumba zetu. Mafundi wapatao 200 walikuwa kazini kila siku, na mfalme alipowaharakisha wakafika 300, wengine wakijenga usiku kwa taa za mafuta. Ndani ya kasri mgeni husimuliwa habari za mfalme, za Richard Wagner na muziki wake. Ni habari nzuri. Lakini mimi nilikuwa nikitafuta mwiko na timazi.

Novemba 1871, kuta zile zikiwa bado changa, huku kwetu wasafiri Livingstone na Stanley walipiga makasia mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, wakaona kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Wenyeji wa ufuko walikuwa wakilijua hilo siku zote, kwa sababu hapa maisha yote hutegemea maji yanaelekea wapi. Uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya bahari, na milima iliyo nyuma ya Uvira inapita mita 3,000. Mji umebanwa katikati, na mito Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira inaukata ikiteremka. Katikati ya Aprili 2020 Mulongwe ulivunja kingo zake. Makumi ya watu walikufa, nyumba kwa maelfu zikabomoka.

Kwa hiyo mtazame fundi anayejenga ukuta wa kushika udongo kwenye miteremko iliyo juu ya barabara kuu. Hakimbilii jiwe. Analigeuza, analigonga kwa nyundo na kusikiliza. Likilia kwa sauti kali, ni zima. Likitoa sauti nzito ya kufifia, lina ufa ndani, analitupa pembeni. Mawe ya mtoni ni ya mviringo, yanateleza, hivyo analivunja kila moja upande mmoja lipate uso. Makubwa yanakaa chini. Kila baada ya hatua chache analaza jiwe refu, kichwa chake kikiingia ndani kuelekea mlimani, lishike yale yaliyo pembeni yake. Ukuta wenyewe haujengwi wima kabisa, unaegemea mlima. Na nyuma yake anajaza kokoto zilizopondwa na akina mama kando ya Mulongwe, kazi ngumu ambayo nayo ni sehemu ya ufundi huu, kisha anaacha mirija ipite ukutani. Ukuta ulionyimwa mirija unasukumwa na maji yaliyofungiwa nyuma yake mpaka uanguke.

Kupata usawa wa pembe mbili zilizo mbali, fundi na msaidizi wake wananyosha mpira mwangavu uliojazwa maji. Mmoja huku, mwingine kule, wanangoja maji yatulie, wanatia alama kwa penseli. Haupotei hata ukucha. Nimeona majengo ya wenye vyeo yaliyopimwa kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

Jambo moja la Neuschwanstein ningependa lihamie kwetu. Mwaka 1870 mafundi wa pale waliunda chama chao: kwa mchango mdogo wa kila mwezi, aliyeugua au kuumia alipata kulipwa, na familia za waliofia kazini, ambazo zilifikia 30, zikapewa pensheni ndogo. Mafundi wetu wana likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu, na likelemba husaidia, lakini anayeanguka kutoka jukwaa la ujenzi leo huachiwa mke wake na majirani. Mji unaotegemea kuta kiasi hiki unawadai hawa watu mfuko wa namna ile.

Mfalme alikufa Juni 1886, vyumba vingi vikiwa havijamalizwa, na wiki saba baadaye milango ikafunguliwa kwa wageni. Tangu hapo wamepita kwa mamilioni, na ni wachache mno wanaoweza kutaja hata mwashi mmoja. Uvira bado tunaweza. Uliza ukuta fulani ulijengwa na nani. Utatajiwa fundi, utatajiwa aliyemfundisha, na pengine mtoto atakupeleka mpaka mlangoni kwake. Ningependa shule zetu ziwapeleke wanafunzi kwake akiwa kazini, wasimame hatua chache kutoka kwenye nyundo, wamsikie akiuliza jiwe kama ni zima, nao wamuulize yeye maswali yao yote.