Mwiko wa Batman na Swali la Jason Todd: Uhakiki wa Under the Hood

Under the Hood ni hadithi ya katuni iliyoandikwa na Judd Winick na kutolewa katika mfululizo wa Batman kati ya mwaka 2005 na 2006. Inamrejesha Jason Todd, Robin wa pili, ambaye katika A Death in the Family Joker alimpiga kwa mtaimbo kisha akamwacha auawe na bomu. Jason anarudi akiitwa Red Hood, jina ambalo Joker mwenyewe aliwahi kulitumia, na anayateka magenge ya Gotham kwa mauaji.

Uzito wa kazi hii umo katika mabishano zaidi ya mapigano. Jason hamlaumu Batman kwa kushindwa kumwokoa. Anauliza kwa nini Joker yu hai bado. Wala hadai waovu wote wauawe. Anamtaja mmoja tu, kwa sababu ndiye aliyemwondolea baba mwanawe. Batman anajibu kwamba kuua kungekuwa rahisi mno, na kwamba akiingia njia hiyo hatarudi tena. Jibu hilo halimgusi Joker wala waliouawa naye. Linamhusu msemaji peke yake. Ndipo inapodhihirika kuwa kutoua kwa Batman ni mwiko zaidi kuliko kanuni. Kanuni hutetewa kwa hoja na huwekewa mipaka. Mwiko hushikwa kwa hofu ya yatakayomfika auvunjaye.

Dosari ya Winick ni kumtwika mwulizaji damu nyingi, hata msomaji akapata kisingizio cha kulipuuza swali lake. Hata hivyo, kilele kinalirudisha. Jason anamshika Joker, anampa Batman bastola na kumtaka achague. Batman anarusha silaha yake ya kutupa, nayo inamkata Jason shingoni. Mwiko umesalimika, muuaji amepona, na damu iliyomwagika ni ya mwana. Katika filamu ya mwaka 2010, ambayo mswada wake uliandikwa na Winick huyohuyo, silaha hiyo inaiharibu bastola tu. Badiliko hilo linamsafisha shujaa na kuipunguzia hadithi makali.

Swali la Jason linawafikia pia wasomaji. Mwaka 1988 DC Comics iliwaruhusu kuamua hatima yake kwa kura za simu: 5,343 zilitaka afe na 5,271 zilitaka aishi. Tofauti ya kura 72 ilimzika. Kwa upande mwingine, mfululizo usio na mwisho hauwezi kumkosa Joker, kwa kuwa kila arudipo kuna hadithi mpya ya kuuzwa. Basi mwiko wa Batman unaulinda utanzu kama unavyomlinda Batman. Jason anamdai baba yake jibu ambalo baba hana mamlaka ya kulitoa. Na ubora wa Under the Hood ni kuliacha deni hilo bila kulipwa.