Sukari Inapogeuka Rangi

Kila Desemba barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Korogwe, Same na Mwanga hujaa magari ya watu wanaorudi kwao mlimani Kilimanjaro. Wakifika Himo, wengine hupinda kuelekea Marangu, Mwika na Rombo. Wengine husonga hadi Moshi mjini ndipo wapande Uru, Kibosho au Machame. Ndani ya magari hayo wamo wajukuu, na siku hizi wajukuu hupanda na utamu wao: makatoni ya biskuti, peremende na juisi, vyote vimenunuliwa mjini ili watoto wasipate shida kijijini. Zamani ilikuwa kinyume. Utamu ulikuwa juu, ukiwasubiri, au tuseme karanga na sukari ndizo zilizokuwa zikisubiri, maana kashata ya bibi haikuwa tayari mpaka wajukuu wafike na kuitengeneza pamoja naye. Naamini kugeuka huko kumetuondolea kitu kikubwa kuliko tunavyokiri. Kashata ya mafigani, isiyohitaji oveni wala mashine, ni ufundi kamili, na ni miongoni mwa kazi chache zinazomhitaji mtoto kwelikweli badala ya kumvumilia.

Ufundi huo huanza kabla moto haujawashwa, kwenye ungo. Karanga zilizotoka soko la Mbuyuni au Kiboriloni humwagwa zikachambuliwa punje kwa punje: iliyosinyaa inatoka, iliyobadilika rangi inatoka, yenye vumbi la ukungu haibishaniwi. Wapo wanaoona kazi hii ni uchovu wa bure, lakini sayansi iko upande wa bibi. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, hupatikana pia kwenye karanga, na mara nyingi hujikusanya katika punje chache zilizoharibika. Kukaanga hakuimalizi. Jicho na vidole vinavyoitoa punje mbaya ni kinga ya kweli, na macho ya mtoto wa miaka sita ni makali kuliko ya mzee wa miaka sabini. Baada ya kukaangwa, karanga husuguliwa kwa viganja mpaka maganda yaachane nazo, kisha hupetwa. Hapo ndipo uwanja wa nyumba hujaa kelele, maganda mekundu yanapopeperuka na kutua vichwani, kila mmoja akitaka zamu ya kushika ungo. Kupeta kunaonekana mchezo, ila asiyejua mkono wake hurusha karanga pamoja na maganda, na kuku huwahi kuliko yeye.

Lakini moyo wa kashata ni sukari. Sukari yenyewe ni ya nyumbani: mashamba ya kampuni ya sukari ya TPC huko Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi, yamelima miwa tangu miaka ya 1930, yakinyweshwa na mito ya Weruweru na Kikuletwa inayopokea maji ya mlima huu huu. Ikitiwa kwenye sufuria pamoja na maji kidogo huyeyuka ikawa shira, na kadiri maji yanavyokauka joto la shira hupanda. Vitabu vya upishi husema ifike nyuzi 150 au karibu na hapo. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaopika usawa wa bahari. Katika vijiji vilivyo kwenye mwinuko wa mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na hesabu yote ya shira hushuka pamoja nayo. Anayefuata namba ya kitabu atakuta sukari imepita ilipotakiwa. Bibi hana kipimajoto. Ana kikombe cha maji baridi. Hudondosha tone moja ndani yake: likitawanyika, bado, likiwa laini kama nta, bado kidogo, likigonga chini ya kikombe na kuvunjika linapobanwa, tayari. Jaribio hilo hufuata hali ya shira yenyewe, kwa hiyo ni sahihi Kilema mlimani kama lilivyo sahihi Tanga pwani, bila mtu kukokotoa mwinuko wa mahali.

Kuna mengine ambayo hayasemwi, huonwa tu. Matone ya ndimu huizuia shira kurudi kuwa chenga. Mwiko haukorogi ovyo sukari inapochemka, kwa sababu hiyo hiyo. Karanga hutiwa zikiwa bado na joto, maana zikiwa za baridi huigandisha shira kabla haijazizunguka zote. Rangi hutoka kwenye maji ya dhahabu ikaingia kwenye kahawia, na kati ya kahawia tamu na kahawia chungu kuna muda usiozidi dakika moja. Kisha mchanganyiko humwagwa juu ya ubao au sinia lililopakwa mafuta, husukumwa kwa chupa, na hukatwa ungali moto. Ukichelewa, kisu hakipiti, kashata inavunjika vipande visivyo na umbo. Hata majira yana neno. Julai, ukungu unapolala migombani kutwa nzima, kashata hunyonya unyevu na kunata kama haikufungiwa mapema kwenye kopo lenye kifuniko. Atasemaje mtu kwamba haya yote ni kupika sukari tu?

Sasa fikiria kazi hiyo imegawanywaje, maana ndipo hoja yangu ilipo. Mkubwa wa kundi huchochea kuni na kuupunguza moto anapoambiwa. Wa katikati hupaka mafuta sinia na kukaa na kisu tayari. Wadogo wamekwisha kuchambua na kupeta, na sasa kazi yao ni kukitazama kikombe na kupiga kelele tone linapokuwa gumu. Hakuna nafasi ya bandia hapo. Katika shughuli nyingi tunazowapa watoto, mtu mzima angeweza kumaliza haraka zaidi peke yake, na watoto wanajua. Katika kashata mambo ni tofauti, kwa sababu sukari haisubiri, na mikono miwili haitoshi kushika sufuria, kusukuma na kukata kwa wakati mmoja. Mtoto akizembea, matokeo yanaonekana papo hapo kwenye sinia, bila karipio la mtu. Na pembeni wanabaki na haki yao ya mchezo: vipande vya ukingoni, vikishapoa kiasi cha kuvumilika mkononi, hufinyangwa vikawa samaki, nyota, ng'ombe mwenye pembe moja. Wale wasioruhusiwa kukaribia sukari kabisa hutosheka na karanga zilizotwangwa kinuni zikachanganywa na asali, ambazo huviringwa kuwa vigololi bila moto wowote.

Atatokea wa kuniambia kwamba kashata si ya Wachagga, wenyeji wa mlima huu, ni ya pwani, mwenzake kahawa chungu kwenye vibaraza vya Tanga na Mombasa. Ni kweli. Lakini karanga zenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, ndizi zilitoka Asia, na kahawa ilipandwa Kilema na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikawa yetu kiasi kwamba mwaka 1933 wakulima walisajili chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa vihamba, yaani mashamba ya kuzunguka nyumba, wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia, na hakuna aliyetaka kahawa ing'olewe kwanza. Mlima huu umekuwa hodari wa kupokea. Kitu kinakuwa cha watu kwa kufundishwa kizazi hadi kizazi, na kinaacha kuwa chao siku kinapoacha kufundishwa.

Pingamizi la sukari ni zito zaidi, nami silidharau. Watoto wanakula sukari nyingi mno, meno yanaoza, kisukari kinaongezeka. Ila tutazame inakotoka. Haitoki kwenye sinia moja la mwaka linalochukua mchana mzima kutengenezwa na kugawiwa ukoo mzima. Inatoka kwenye soda na biskuti za kila siku zisizomgharimu mlaji jasho lolote. Kazi yenyewe ni kizuizi, na nusu ya kashata nzuri ni karanga. Ama hatari ya kuungua, ipo, kwa sababu shira hushikamana na ngozi na huunguza vibaya kuliko maji ya moto. Ndiyo maana kuna mpangilio wa umri, na ndiyo maana sufuria haliachwi mikononi mwa mtoto. Mtoto aliyefundishwa kusimama mbali na moto kwa sababu anaijua nguvu yake yuko salama kuliko yule aliyefukuzwa jikoni bila maelezo.

Wengine hujifariji kwamba ufundi huu hautapotea, kwani video za kashata zimejaa kwenye simu. Video inaonyesha rangi, ila haina harufu inayotangulia uchungu, na haijui kama kuni zako ni mbichi. Tena kosa ni kudhani kwamba wanaokosekana ni wajuzi. Mabibi wajuao wako wengi bado, Rombo mpaka Machame. Wanaokosekana ni wasaidizi. Desemba imebanwa: harusi, kipaimara, kikao cha ukoo, ndafu kwa huyu, mbege kwa yule, kisha safari ya kurudi kabla shule hazijafunguliwa. Katikati ya hayo yote mjukuu hupewa simu ili atulie. Bibi anayeishi peke yake miezi kumi na moja hawezi kupeta, kushika sufuria na kukata kwa mikono yake miwili, na hata akiweza, sinia zima la kashata halina mlaji. Mwezi wa kumi na mbili ukifika na wasaidizi wake wameshapangiwa kila saa ya siku zao chache, naye ameona makatoni ya biskuti yakishushwa garini, hana sababu tena ya kununua karanga.