Kinachopimwa na Kinachokisiwa: Saa ya Mazoezi Kwenye Uwanda wa Konza

Mtu akitaka kuijua saa ya mazoezi kwa undani, aipeleke Konza. Sisemi hivyo kwa ajili ya ekari 5,000 zilizotengwa kwa mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013. Nasema hivyo kwa sababu ya ardhi yenyewe, pale Machakos, Makueni na Kajiado zinapokutana, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi. Uwanda uko wazi, mbingu yote inaonekana. Uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa nyanda za Kapiti hauna wa kuuzuia, na mvua ikinyesha udongo mweusi hunata viatuni mpaka mguu unakuwa mzito. Mambo haya huichambua saa vizuri kuliko kijitabu chochote cha maelezo, kwa kuwa baadhi yake huisaidia na mengine huipotosha. Kwenye kioo chake, umbali, mapigo ya moyo, kalori na kiwango cha siha huandikwa kwa tarakimu za aina moja, kana kwamba zote zimepatikana kwa njia moja. Sivyo ilivyo. Saa hii ni chombo bora kadiri inavyokaa karibu na kile ilichokipima yenyewe, na hudhoofika kila inapopanda ngazi nyingine ya ukokotoaji, nayo haimwambii mvaaji imefika ngazi ya ngapi.

Tuanze na ngazi ya chini, ambapo sifa zake ni za haki. Chukua mfano wa Garmin Forerunner 55, saa ya bei ya kadiri iliyotoka mwaka 2021. Ina uzito wa gramu 37, na kwa maelezo ya watengenezaji betri yake hukaa hadi wiki mbili katika matumizi ya kawaida, au saa 20 GPS ikiwa imewashwa. Apple Watch ya kawaida kwa miaka mingi ilitangazwa kwa saa 18 za matumizi ya siku nzima. Tofauti hiyo ilipatikana kwa kuacha vitu: kioo si cha kung'aa, na hakuna nafasi ya kuhifadhi muziki. Mkimbiaji anayeishi mahali ambapo umeme hukatika ataona kwamba walioibuni walijua wanamtengenezea nani. Umbali nao hupimwa vyema Konza kuliko katikati ya Nairobi, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti hufika moja kwa moja bila kugonga kuta za maghorofa na kurudi yakiwa yamechelewa. Kasoro hujitokeza mkimbiaji akielekea vilima vya Mua au Iveti. Setilaiti zote ziko juu yake na hakuna hata moja chini ya miguu yake, kwa hiyo kimo hupatikana kwa usahihi mdogo kuliko umbali. Saa za bei ya juu hutumia kipima kanieneo ya hewa kuziba pengo hilo. Forerunner 55 haina.

Ngazi ya pili ni mapigo ya moyo, na hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu. Mkanda wa kifuani, ambao kampuni ya Polar ya Finland iliutoa bila waya mwaka 1982, husoma umeme wa moyo wenyewe. Saa ya mkononi haiuoni moyo. Hutuma mwanga wa kijani kwenye ngozi, kisha hupima kiasi kinachorudi. Damu hufyonza mwanga huo, kwa hiyo kila pigo linapojaza mishipa midogo, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Mtu akiwa ametulia, mbinu hii hufanya kazi vizuri sana, na mapigo ya asubuhi kabla ya kuamka kitandani ni moja ya takwimu zenye thamani zaidi ambazo saa inaweza kumpa mtu. Mkono unapoanza kurushwa huku na huku, damu na tishu nazo hutikisika, na programu hulazimika kuchuja mtikisiko usichanganywe na pigo. Mkimbiaji hupiga kati ya hatua 160 na 180 kwa dakika, na moyo wake nao mara nyingi uko katika kiwango hichohicho. Ndiyo maana saa wakati mwingine hushika mdundo wa miguu na kuuandika kama mapigo ya moyo. Mkanda wa saa uliolegea huongeza hatari hiyo, na jasho pia.

Halafu kuna suala la ngozi, ambalo kwa wanunuzi wa Afrika Mashariki si la pembeni. Melanini nayo hufyonza mwanga wa kijani. Je, ngozi nyeusi husomwa vibaya zaidi? Ushahidi haukubaliani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba kwa watu 60 na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Sita kati ya vifaa hivyo vilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5, ila makosa yaliongezeka kwa wenye ngozi nyeusi zaidi. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Marekani, kwa watu 53, haukupata tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi. Uliona kwamba tatizo kubwa ni mwendo: makosa wakati wa shughuli yalizidi ya wakati wa mapumziko kwa asilimia 30 hivi. Nauchukulia utafiti huu wa pili kwa uzito, na siwezi kusema kwamba saa hizi haziwafai watu weusi. Lakini kwa kipimo cha oksijeni ya damu, ambacho saa nyingi sasa hukitoa kwa mbinu inayofanana, kuna sababu ya kuwa macho. Mwaka huohuo wa 2020 madaktari wa Michigan walionyesha kwamba hata mashine za hospitali hudanganyika. Kati ya wagonjwa waliosomwa kuwa na oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, vipimo vya damu vilifichua upungufu mkubwa kwa asilimia 11.7 ya weusi, dhidi ya asilimia 3.6 ya weupe. Kama mashine ya kidoleni hospitalini hukosea hivyo, saa inayochezacheza mkononi haistahili kuaminiwa zaidi yake.

Ngazi ya tatu ndiyo inayouza saa hizi: VO2 max, yaani kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika. Maabara hukipima kwa kumvalisha mtu barakoa na kumkimbiza hadi achoke kabisa. Saa haina barakoa. Huchukua kasi kutoka GPS na mapigo kutoka mkononi, huvilinganisha, kisha hukisia. Katika hesabu hiyo mara nyingi huingia pia kiwango cha juu cha mapigo, ambacho mtu asipokiandika mwenyewe huweza kukadiriwa kwa kutoa umri kwenye 220. Kanuni hiyo ni wastani wa watu wengi tu. Kijana wa miaka 25 hupewa mapigo 195, ilhali moyo wake unaweza kufika 205. Akikimbia kwa mapigo 160, saa humwambia yuko asilimia 82 ya uwezo wake, wakati ukweli ni 78. Kwa saa inayopanga kanda zake za mapigo kwa asilimia kumi kumi, ameshahamishwa kutoka kanda ya tatu hadi ya nne, na ataambiwa apumzike siku ambayo hakujichosha. Sasa mlete Konza akitokea Mombasa. Kanieneo ya hewa imeshuka kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo moyo hupiga zaidi kwa kasi ileile. Saa isiyojua mwinuko itaandika kwamba siha yake imeporomoka usiku mmoja. Zipo saa zinazosahihisha mwinuko na joto, nazo zinastahili sifa. Ila upepo wa uso kwa uso hazina namna ya kuuona, wala tope. Mkimbiaji anayepambana navyo hufanya kazi kubwa kwa kasi ndogo, na kwenye hesabu ya saa huyo ni mtu aliyedhoofika.

Kuhusu kalori sina maneno mengi. Katika utafiti uleule wa Stanford, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya zaidi kwa asilimia 93. Anayepanga chakula chake kwa kufuata tarakimu hiyo anajidhulumu.

Wapo watakaosema kwamba kosa lisilobadilika halina madhara: saa ikizidisha kila siku kwa kiasi kilekile, bado itaonyesha kama mtu anapanda au anashuka. Hoja hii ni nzuri, na ndiyo inayofanya mapigo ya asubuhi yawe na thamani, kwa kuwa hupimwa katika hali ileile siku zote. Tatizo ni kwamba makosa niliyoyataja hayatulii. Hubadilika na upepo, jasho, tope, mkanda na mwinuko, yaani na vitu vilevile vinavyobadilika mtu anapofanya mazoezi. Wengine watamtaja Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mwaka 2019, na ambaye aliwahi kuwa balozi wa saa za COROS. Ni kweli alizivaa. Lakini pia huandika mazoezi yake kwa mkono daftarini, na kando yake yupo kocha Patrick Sang pamoja na kundi zima la wakimbiaji wenzake wa Kaptagat. Tarakimu ikimfikia, inakutana na watu wanaojua jana alilalaje na njia ilikuwaje. Mnunuzi wa kawaida ana tarakimu peke yake, na ndiye anayehitaji zaidi kuambiwa ina uzito gani. Watengenezaji wanaweza kumwambia. Saa ikiandika VO2 max ya 48, hakuna kinachoizuia kuandika pembeni kwamba huenda ni 44 au 52.

Na kama hawataki kusema, jibu linaweza kutafutwa hapa hapa Konza, mahali palipo na kituo cha kitaifa cha data na ambapo taasisi ya juu ya sayansi imepangwa. Kinachohitajika ni njia moja iliyonyooka ya kilomita tano, ikimbiwe kwenda na kurudi ili upepo upimwe pande zote mbili. Wakimbiaji wawe wa rangi na umri mbalimbali, kila mmoja na saa mkononi na mkanda kifuani, wote wakiwa wamekwisha kupimwa kwa barakoa. Wakimbie alfajiri na adhuhuri, siku kavu na siku ya matope. Kisha watu walewale, na saa zilezile, wateremke Mombasa wakarudie.