Gari Lililogoma Kuzama: Taharuki na Ishara katika Psycho

Wengi wakiitaja Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, hukumbuka bafu, kisu na fidla za Bernard Herrmann zinazopiga mayowe. Kwa anayechunguza ufundi, tukio zito zaidi linakuja baada ya hapo. Norman Bates, mwenye moteli, amekwisha kusafisha bafu, ameutia mwili wa Marion Crane, mgeni aliyeuawa humo, kwenye buti, na anasukumia gari kinamasini. Linazama polepole, halafu linagoma, paa likiwa bado juu ya tope. Norman anaacha kutafuna, anatazama huku na huku. Mtazamaji aliyekuwa akimwonea huruma Marion sasa anajikuta akiomba gari lizame. Hofu ya filamu hii imejengwa hapo: mtazamaji anahamishwa upande bila kuombwa ruhusa, na ishara zote zinaitumikia kazi hiyo.

Zifuate dola 40,000 anazoiba Marion. Marion anaonekana kwanza na sidiria nyeupe. Akishaamua kuiba, ni nyeusi. Ishara hiyo inasomeka upesi mno, na peke yake isingetisha mtu. Fedha zenyewe ndizo zenye akili. Kamera inazirudia kitandani, mkobani, kisha ndani ya gazeti alilozifungia. Marion akishakufa, kamera inaondoka kwenye jicho lake lililobaki wazi na kulifuata gazeti lile, nasi tunadhani hadithi ingali ya wizi. Norman analitupa butini bila kujua lina nini. Kitu kilichotufikisha hapa kimeingia topeni, na hatuna wa kumshika isipokuwa muuaji, au mtu tunayemdhania mtoto mtiifu anayemfichia mama yake.

Ndege waliokaushwa sebuleni kwa Norman wanaleta pingamizi la haki. Juu ya ukuta yuko bundi aliyetandaza mbawa, na kwa watazamaji wengi wa Mbeya na Iringa bundi ni habari ya uchawi kabla hajawa pambo. Je, ishara haipotoshi? Inapotosha, na hiyo ni faida: anayetafuta mchawi atachelewa kumtilia shaka kijana mpole anayemkaribisha mgeni mkate. Hata mazingira hayahitaji mkalimani. Moteli ya Bates ina vyumba 12 vitupu kwa sababu barabara kuu ilihamishwa. Anayejua jinsi gesti za Mafinga au Chimala zinavyoishi kwa magari ya Tunduma ataelewa papo hapo. Wala urithi wa kutisha kutoka kwa mzazi si jambo geni kwetu. Katika Mirathi ya Hatari, riwaya ya C. G. Mung'ong'o ya mwaka 1977, Gusto anarithi uchawi wa baba yake. Norman amejirithisha mwenyewe sauti ya mama.

Atakayesema kwamba bafu ni shtuko tu, si taharuki, yuko sahihi. Hitchcock mwenyewe alikuwa akitenganisha mambo hayo mawili: bomu likilipuka ghafla ni shtuko, tukijua liko chini ya meza, ni taharuki. Lakini shtuko la bafuni ndilo bomu la sehemu iliyobaki. Mpelelezi Arbogast anapopanda ngazi akiwa ameshika kofia, sisi tunajua asichokijua, na kamera inayopaa hadi darini inatuficha uso wa mama huku ikijifanya inatuonyesha kila kitu. Hotuba ya daktari wa akili mwishoni ndiyo kasoro halisi. Inaeleza kwa maneno mengi yale ambayo kinamasi kilikwisha kuyafanya kwa sekunde chache.

Filamu zetu za kutisha, Shumileta ya Mussa Banzi ikiwemo, zimezoea kumleta jini mbele ya kamera, na hadhira haijalalamika. Hata hivyo, ninyi mnaopiga filamu Mbeya na Iringa, kabla ya kulipia vipodozi vya jini, andikeni kwanza tukio moja ambalo mtazamaji atamtakia mkosaji afanikiwe. Gesti moja ya pembeni ya barabara inatosha kulipigia.