Nusukaputi na Ganzi

Neno nusukaputi limeundwa kwa nusu, lenye asili ya Kiarabu, na kaputi, litokalo katika Kijerumani, lugha ya watawala walioiita Tukuyu Neu Langenburg. Maana yake ni dawa ya kumlaza mgonjwa apasuliwapo. Ganzi ni jambo jingine: hufisha hisi za mahali pamoja tu, mgonjwa akiwa macho. Kuyachanganya maneno haya si kosa dogo. Huko Lufingo, wilayani Rungwe, penye wasemaji wa Kinyakyusa, mwenye jeraha la kushonwa akitajiwa nusukaputi aweza kudhani atafanywa nusu mfu, akakimbia sindano. Yafaa nusukaputi liachiwe usingizi wa upasuaji, na jeraha dogo litajiwe ganzi, neno lijulikanalo na kila aliyepata kuukalia mguu wake.